Bi Kanuni na Saa ya Kiwanda

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliibandika kwenye mlango wa chumba cha seva, karatasi ndani ya plastiki ili vumbi lisiile: Usizime huduma kabla hujajua inamtumikia nani. Aliishika kanuni hiyo miaka mingi bila kuteleza. Akaivunja mara moja tu, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu, na sababu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kifungo cha shati.

Kiwandani walimwita Bi Kanuni. Jina hakulipenda wala hakulikataa. Kiwanda kilishona sare za wanafunzi, wauguzi na walinzi, na kila aliyepita mjini amevaa sare alikuwa, kwa namna fulani, amepita mikononi mwao. Chumba cha seva kilikuwa zamani stoo ya vifungo, na mpaka leo ukifagia chini ya kabati la mitambo utatoka na vifungo vya bluu vya mtindo usioshonwa tena. Bi Kanuni alivikusanya kwenye kopo la maziwa. Hakuwahi kusema vya nini.

Kila mfanyakazi mpya aliyepewa kompyuta alipitishwa kwanza chumbani humo akasikilize somo. Wengine waliingia wakipiga miayo na kutoka wakicheka, maana alilifundisha kwa sauti kavu kama anayesoma hukumu, na mambo aliyoyasema yalikuwa ya jikoni.

"Umewahi kwenda kwenye karamu kubwa?" alikuwa anauliza. "Umekaa mezani, umeletewa sahani, umekula, umeshukuru. Uliyemwona ni aliyekuletea sahani. Hukumwona anayechota maji, wala anayechochea moto, wala aliyesimama mlangoni akijua nani kaalikwa na nani kadandia. Sasa seva ni karamu. Programu unayoibofya ni yule mwenye sahani. Nyuma yake kuna huduma ambazo hazina sura kwenye skrini yako. Zinaamka mashine ikiwaka, zinafanya kazi kimya, na hakuna anayezishukuru."

Kisha alizitaja kwa majina aliyozipa mwenyewe. Bawabu, anayekagua neno la siri na kuamua nani aingie. Mjua Majina, ambaye ukimwambia unataka kompyuta ya stoo anajua ipo wapi, kwa sababu kompyuta zenyewe zinajuana kwa namba. Karani wa Printa, anayepanga kazi za kuchapa foleni ili watu wasigombane. Mpiga Kengele, anayeamsha kazi za kila siku kwa wakati wake, king'ora cha kuingia na kutoka kikiwemo. Na Mtunza Saa, ambaye kazi yake ni kuuliza saa sahihi huko nje kupitia intaneti, kisha kuirekebisha saa ya seva kidogo kidogo, maana saa ya mashine ikiachwa peke yake hutembea na akili zake.

"Huyu wa mwisho si anakaa bure tu?" aliwahi kuuliza mhasibu mmoja kijana.

"Wote wanaonekana wamekaa bure," Bi Kanuni alimjibu. "Ndiyo maana nimeandika pale mlangoni."

Kanuni haikutoka hewani. Fundi aliyemtangulia alikuwa na mkono mwepesi. Akiona huduma asiyoijua, anaizima, anasema mashine ipumue. Siku moja alimzima Karani wa Printa, lebo za maboksi hazikuchapwa, wapakiaji wakaandika kwa kukisia, na kaptura za wanafunzi wa darasa la kwanza zikapelekwa hospitali. Muuguzi mkuu alipiga simu kuuliza kwa upole kama kiwanda kinamtania. Fundi yule akaenda zake, Bi Kanuni akachukua nafasi, na tangu siku hiyo kila alipokuta huduma ngeni hakuigusa. Alishuka ngazi, akapita kwenye meza za kukata, kwenye cherehani, kwenye pasi za mvuke, stoo mpaka getini, akiuliza swali lile lile: "Nikizima hiki, nani atalia?" Watu walizoea. Wengine wakimwona kwa mbali wanajibu kabla hajauliza: "Hapa hakuna atakayelia, Bi Kanuni, labda wewe uondoke."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na hivyo ndivyo angeendelea kuwa, kama si cheo.

Nafasi ya mkuu wa kitengo cha kompyuta ilikuwa wazi. Alikuwa anaistahili, na kila mtu alijua. Ilikuja na ofisi ya ghorofani yenye dirisha la kuangalia miti, na mtu aliyefanya kazi miaka yote katika stoo ya vifungo anajua dirisha ni kitu gani. Mkurugenzi akamwambia atapita mwenyewe kuikagua seva kabla ya kuamua. Mkurugenzi alikuwa mtu wa haki lakini hakujua mambo ya kompyuta. Alichojua ni kwamba alama ya kijani ni nzuri na nyekundu ni mbaya.

Wiki ile wachimba mitaro walikuwa wameukata waya wa intaneti barabarani. Mtunza Saa alikuwa anauliza saa huko nje na hajibiwi. Kila akikosa jibu aliweka alama nyekundu kwenye ukurasa wa hali ya seva, na huo ndio ukurasa mkurugenzi aliotaka kuuona. Bi Kanuni aliutazama asubuhi hiyo. Kila huduma ilikuwa ya kijani, imetulia kama kanisa siku ya kazi, isipokuwa huyo mmoja anayepiga kelele peke yake.

Alisikia viatu vya mkurugenzi kwenye ngazi. Hakujiuliza nani atalia. Alimzima Mtunza Saa, akafunga na mlango kabisa ili asijiamshe mwenyewe mashine ikiwashwa upya. Akajiambia ni kwa leo tu, waya ukirudi atamwasha.

Hapa pasipindishwe maneno. Hakuchoka, hakudanganywa, hakulazimishwa. Alitaka ukurasa msafi ili asifiwe. Watu wema huanguka kwa vitu vidogo hivyo, kwa kuwa vikubwa wanavikataa bila shida.

"Hakuna hata nyekundu moja," mkurugenzi alisema akitikisa kichwa. "Hii ndiyo kazi."

Waya wa intaneti ukaunganishwa tena. Bi Kanuni alikuwa ghorofani akipima mapazia ya ofisi aliyokuwa bado hajapewa. Akasahau.

*

Nyumbani aliishi na mumewe, aliyekuwa kinyozi, pamoja na mama mkwe wake na wifi yake. Huyo wifi, dada wa mumewe, alifanya kazi kiwanda hicho hicho, kwenye meza ya kukata vitambaa. Walimwita Mkasi, kwa mkono wake na kwa ulimi wake, na hakuna aliyeweza kusema kipi kilikuwa kikali zaidi. Mume wa Mkasi alikuwa dereva wa lori la masafa, anaonekana kama mwezi mwandamo. Mtoto wao mdogo alisoma shule ya chekechea njiani kuelekea kiwandani.

Wifi hawa wawili walipendana kwa kuchokozana. Mkasi alidai kaka yake alioa saa ya ukutani. Bi Kanuni alidai mume wa Mkasi huchelewa kurudi kwa hiari yake. Mama mkwe aliwasikiliza wote wawili huku akipepeta mchele, akicheka kwa mabega bila kutoa sauti.

Miezi kadhaa baada ya ule ukaguzi, jioni moja ya kawaida, Mkasi aliweka kijiko chini kabla ya chakula kuisha. Kwa Mkasi hilo lilikuwa jambo la kuita daktari.

"Nimepewa onyo la mwisho," alisema. "La kuchelewa. Kesho mchana naitwa kwenye kikao. Wakiniona na hatia, usimamizi wa meza ya kukata siupati, na hata hiyo meza yenyewe huenda nikaiacha."

Usimamizi wa meza ya kukata alikuwa ameusubiri kama mwenzake alivyosubiri dirisha. Alikuwa anaweza kukata suruali nyingi katika mkunjo mmoja wa kitambaa bila kupoteza kipande cha kutosha kitambaa cha mkono. Kila mtu pale alijua nani angeshika usimamizi huo, akiwemo yule anayeushika kwa muda.

Bi Kanuni alifuta mdomo. "Wifi, saa ya kuingia ni ile ile kwa wote. Wenzako wanawahi."

"Na mimi nawahi."

"Mashine ya getini inasema umechelewa."

"Mashine ya getini inanichukia. Nikiweka kidole tu, taa nyekundu. Nadhani imewahi kunichumbia nikaikataa."

Mama mkwe aliangalia pembeni. Kinyozi alijitia anakohoa.

"Cheka, cheka," Bi Kanuni alisema. "Uondoke nyumbani mapema, basi. Ni jambo la kuamka tu."

"Nikiondoka mapema nimwache mtoto wapi, kwenye uzio? Geti la chekechea linafunguliwa saa moja na nusu. Nikimkabidhi mwalimu naondoka kwa miguu yangu hii. Mwaka jana nilikuwa nafika, namsalimia mlinzi, nafunga kilemba, nakunywa na maji, ndipo king'ora kinalia. Njia ni ile ile, miguu ni ile ile. Sasa nafika kimeshalia. Niambie wewe mwenye akili za mashine, nani kasogeza kiwanda?"

"Mtu akichelewa hakosi sababu," Bi Kanuni alisema. "Mimi sijachelewa hata siku moja."

Mkasi akatabasamu lile tabasamu lake la kukata kitambaa. "Wewe unaingilia mlango gani, wifi?"

"Wa ofisini."

"Una mashine ya kidole?"

"Hauna."

"Basi kesho uje na mimi. Tupitie geti letu sisi watenda dhambi. Na simu yako hiyo unayoifungia kwenye droo siku nzima kwa kanuni zako, uiweke mkononi."

"Nenda naye, mwanangu," mama mkwe alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingilia utani huo. "Anayejua njia ni anayeitembea na mtoto."

"Nitakuja," Bi Kanuni alisema. "Nikuoneshe mtu anavyowahi."

*

Asubuhi waliondoka pamoja, mtoto katikati akiwashika mikono na kuruka kila dimbwi. Chekechea ilikuwa na geti la rangi ya chungwa lililochorwa twiga mwenye miguu mitano, kosa la mchoraji ambalo watoto walikataa lirekebishwe. Mwalimu alifungua kwa wakati wake, si kabla. Mtoto akakabidhiwa, akaaga bila kugeuka nyuma.

Wakatembea. Bi Kanuni alitembea kama kawaida yake, mkoba kwapani, akitoa ushauri. Alieleza faida za kupanga nguo jioni. Alieleza faida za kutozungumza na wauza matunda. Mkasi aliitikia kila neno kwa adabu ya kutilia shaka.

Walikuwa wamefika kona ya duka la vioo, kiwanda kikionekana, wakati king'ora kilipolia.

Bi Kanuni alisimama. Akaitazama simu yake. Akaitazama tena, akaigeuza, kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa. Bado dakika kumi na kitu.

"Kimelia," alisema.

"Nilidhani ni sikio langu peke yangu," Mkasi alisema. "Haya, mwenye kuwahi, kimbia."

Wakakimbia. Hawakuwa na umri wa kukimbia hivyo na walijua. Bi Kanuni alikimbia ameubana mkoba kama kuku, Mkasi nyuma yake anacheka mpaka anashika ukuta. Getini Mkasi aliweka kidole na taa ikawa nyekundu. Bi Kanuni, aliyeandikisha kidole chake siku mtambo ulipofungwa na hakuwahi kukitumia tena, akaweka cha kwake. Nyekundu pia. Skrini ndogo ikamwandikia: Umechelewa.

Mlinzi alivua kofia. "Karibu geti letu, Bi Kanuni. Nikuandikie sababu gani? Foleni ya wauza matunda?"

"Saa ngapi sasa?" alimuuliza.

"Ya mjini au ya kiwanda?"

Akahisi moyo unashuka ngazi peke yake. "Kwani ziko mbili?"

"Mbona siku nyingi," mlinzi alisema bila wasiwasi. "Saa ya kiwanda inakimbia. Sisi tunawahi kwa kuifuata hiyo. Mwanzo watu walinung'unika, wakasema wakubwa wanatuibia dakika. Halafu wakagundua na jioni king'ora kinalia mapema, wanatoka mapema, wakanyamaza. Saa ya ukutani pale ofisini ilibaki nyuma, mhasibu akaisukuma mbele ifanane. Wenye watoto wa chekechea tu ndio wamebanwa."

"Na hamkuniambia."

"Tungekuambiaje? Mashine ni zako. Tulijua umepanga wewe. Na wewe ukipanga kitu..." Aliyatazama yale maandishi ya skrini na kuirudisha kofia kichwani. "Wewe ni Bi Kanuni."

Mkasi aliacha kucheka. Kwa mara nyingine ilifaa kuita daktari. Alikuwa akimtazama wifi yake usoni, akaona kitu kinaelea pale, kinatafuta mahali pa kutua, kikatua.

"Ni mimi," Bi Kanuni alisema polepole. "Nimemzima Mtunza Saa."

"Nani tena huyo?" Mkasi aliuliza. "Umemzima kwa mkono?"

*

Kwenye chumba chake cha seva aliona kila kitu mara moja, kwa kuwa alijua mahali pa kuangalia. Huduma ilikuwa imezimwa na kufungwa, kama alivyoiacha. Bila Mtunza Saa, saa ya seva ilikuwa imekimbia sekunde chache kila siku, na sekunde chache kwa siku, miezi ikipita, hujenga dakika. Mpiga Kengele aliifuata seva, king'ora kikamfuata Mpiga Kengele, mashine ya getini ikafuata, kompyuta zote za kiwanda zikafuata, na saa ya kwenye skrini yake mwenyewe, aliyoitegemea kutwa nzima, ikafuata pia. Watu wote waaminifu wa jikoni walikuwa wamefanya kazi yao sawasawa, juu ya saa isiyo sawa.

Tiba ilikuwa nyepesi. Kubofya mara chache, Mtunza Saa aamke, aulize, asogeze saa nyuma. Kesho asubuhi Mkasi angefika kwa wakati, hakuna ambaye angejua sababu, na dirisha la ghorofani lingebaki na pazia lake, kwani barua ya cheo ilikuwa imeandikwa, imebaki saini.

Alikaa na wazo hilo. Mtu asimdharau kwa kukaa nalo. Kutamani si kosa. Kosa lingeanza kama angebofya na kunyamaza, maana kikao cha mchana kingemkuta Mkasi na onyo lile lile, na saa sahihi ya kesho haingezifuta taa nyekundu za jana. Na Mkasi hakuwa peke yake. Kila mama na kila baba mwenye mtoto nyuma ya geti la yule twiga alikuwa amekatwa dakika ambazo ni zake.

Alipanda ngazi kwa mkurugenzi akamweleza yote, hata lile la kutaka ukurasa msafi. Alilieleza hilo kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa gumu kutoka.

Mkurugenzi alisikiliza akiwa ameshika kalamu. "Irekebishe kimya kimya," alisema mwishowe. "Onyo la wifi yako nitalifuta. Waambie watu ilikuwa hitilafu ya mtambo. Mambo yataisha."

"Mtambo haukukosea, mzee. Mtambo ulikuwa unaomba msaada nikauziba mdomo. Na si wifi yangu peke yake."

"Unajua ukilisema hili hadharani siwezi kusaini hii barua? Nitamweka vipi juu ya kitengo mtu aliyezima saa ya kiwanda ili nimsifu?"

"Najua."

"Nami nilikusifu kweli," mkurugenzi alisema kwa huzuni kidogo. "Nilimsimulia mpaka mke wangu."

"Nilisikia, mzee. Ndilo lililoniuma."

Akaiweka kalamu chini. Akaifungua droo, akaitia barua ndani na kuifunga. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akasimama akampa mkono, akaahidi kufuta maonyo ya wote.

*

Alichagua kuirudisha saa wakati wa chakula cha mchana, na kwa hilo alitumia akili. Tofauti ilikuwa imekua mno kurekebishwa kidogo kidogo; kumwasha Mtunza Saa kungeirudisha saa nyuma kwa mkupuo mmoja. Asubuhi kungechanganya cherehani, jioni kungewachelewesha watu nyumbani. Mchana kungetokea jambo moja tu.

Bwalo lilikuwa limejaa, vijiko vikilia, watu wa pasi za mvuke wamekaa karibu na madirisha kama kawaida yao. Bi Kanuni alishika kipaza sauti cha matangazo, kile kinachotumika kumtafuta mwenye funguo za stoo. Hakuwahi kukitumia kwa jambo lake mwenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ikatoka kavu kama ya somo la jikoni. "Saa ya kiwanda imekuwa ikikimbia. Niliizima mimi huduma inayoirekebisha, kwa sababu ilikuwa inaniaibisha mbele ya mkurugenzi. Sikuuliza nani atalia. Waliolia ni ninyi mnaopeleka watoto chekechea. Kila aliyeandikwa kuchelewa tangu wakati ule atafutiwa. Naomba radhi. Sasa hivi ninairudisha saa nyuma."

Akabofya kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo. Kwenye ukuta wa bwalo kulikuwa na saa ya namba nyekundu iliyofuata seva. Watu wote walikuwa wakiitazama. Namba zikatulia, zikafikiri, kisha zikaruka nyuma dakika kumi na kitu.

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa mpiga pasi mmoja mnene, mwenye sahani iliyobaki nusu.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "mchana umeanza upya?"

"Haujaanza upya. Umerefuka."

"Kina mama na kina baba," mpiga pasi alisema akinyanyuka na sahani yake, "mpishi naye apewe taarifa."

Hapo bwalo likalipuka kwa kicheko. Watu waliomaliza kula wakakaa tena. Watu wa cherehani wakaanza kuimba kitu kisicho na maneno mengi zaidi ya kulirudia jina la Bi Kanuni, na meza zikageuka ngoma. Mlinzi wa getini alikuja mbio kuuliza kama kuna moto, akapewa sahani. Mhasibu kijana alipanda kwenye kiti kuirudisha saa ya ukutani ya ofisini aliyokuwa ameisukuma mbele kwa mkono wake, na alipoteremka alishangiliwa kama aliyefunga goli. Dakika zile kumi na kitu, ambazo wengi walikuwa wamezitoa asubuhi kwa kukimbia, walirudishiwa wakiwa wamekaa, na hakuna aliyewahi kukumbuka mchana mtamu kuliko ule.

Mkasi alikuja mpaka kwenye kipaza sauti. Macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Wifi," alisema mbele ya kipaza sauti, na bwalo zima likasikia, "nimekusamehe kuhusu saa. Lakini yale mafundisho ya kupanga nguo jioni, hayo sijayasamehe."

"Nastahili."

"Na ya wauza matunda."

"Nastahili pia."

"Na uliposema ni jambo la kuamka tu." Akamkumbatia kabla hajajibiwa, akamnyanyua kidogo kutoka chini, mkoba na vyote.

Kikao cha mchana kilifanyika kwa dakika chache, mkurugenzi akafuta maonyo yote, na Mkasi akatoka msimamizi wa meza ya kukata. Jioni ile mama mkwe alipika kwa watu wengi kuliko waliokuwepo. Kinyozi alimwuliza mkewe, kwa upole wa mtu anayeshika wembe, kama kuna huduma nyingine nyumbani aliyoizima bila kujua.

"Ipo," Mkasi alidakia. "Ya kucheka. Imewashwa leo."

Tangu siku ile Bi Kanuni hapitii mlango wa ofisini. Hupita getini na wenzake, huweka kidole, hungoja taa ya kijani, husalimiana na mlinzi, na baadhi ya asubuhi hufika akiwa na ndizi alizonunua njiani. Simu yake hukaa juu ya meza, si kwenye droo. Kanuni bado ipo mlangoni, karatasi ile ile, ila chini yake ameongeza kwa mkono: Ikilia, isikilize. Wafanyakazi wapya hufundishwa habari ya Bawabu na Mjua Majina kama zamani, na wakifika kwa Mtunza Saa husimuliwa kisa hiki chote, na mwenye kukisimulia ni yeye, wala hapunguzi kitu.

Alinyimwa cheo cha mkuu wa kitengo, kikapewa mtu mwingine kutoka nje, mtu mzuri, ambaye ndiye anayekaa sasa kwenye ofisi yenye dirisha. Yeye yumo mpaka leo katika stoo ya vifungo, kwa mshahara ule ule.